Tawi la Tusekile

Mtufaha wa Mama Obadia ulio karibu na jiko ulikuwa uchi, hauna jani hata moja, na Mama Obadia mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake ametanua khanga kama mtu anayemkinga binti yake anayeoga.

"Kamwene, Mama Obadia."

"Kamwene, Yudithi. Leo umetuamkia mapema."

"Mti umepatwa na nini?"

"Upepo."

Niliitazama ile mingine sita, imejaa majani mpaka chini. "Upepo gani huo unaochagua?"

"Wa huku Lyandala unachagua. Kwani wewe hukai huku?"

Nakaa huku, tena ua wangu na wake unatenganishwa na wigo mmoja wa matete, ndiyo maana sikubishana. Ukianza kubishana na Mama Obadia asubuhi, jioni bado mnaendelea, na katikati yeye ameshapika, amefua na amelisha mbuzi. Nilitoa kisikizi mfukoni, nikachomeka fimbo yake ya shaba kwenye matandazo, nikaweka kidude chake sikioni.

Mimi ni mlinzi wa Utando, na kazi yangu ni kusikiliza udongo. Tangu baridi ya Makete ituhame, ile baridi ambayo bibi zetu waliivalia makoti mawili, mitufaha isingeweza kuishi huku bila Utando. Ni ukungu mweupe, mwembamba kuliko uzi wa buibui, uliotengenezwa Kituoni kwa watafiti na kupandwa chini ya kila bustani ya nyumbani mpaka ukaunganisha mizizi ya kijiji kizima. Ndio unaoilaza miti mwezi wa sita na kuiamsha mwezi wa nane, kama vile baridi imekuja ikapita. Ndio unaopandisha maji kutoka bustani za bondeni kwenda za mlimani. Una sheria moja tu, na hauna masikio ya kusikia nyingine: mwenye nacho humpa asiye nacho. Mti ulioshiba unavuma taratibu sikioni, kama mama anayebembeleza mtoto. Mti wenye njaa unagonga.

Asubuhi ile miti yote saba ya Mama Obadia ilikuwa inagonga. Ule uliokuwa uchi ulikuwa unapiga mlango kwa mateke.

"Majani yako wapi, Mama Obadia?"

"Majani ya nini tena?"

Niliyakuta kwenye banda la mbuzi, yamefunikwa nyasi. Yalikuwa na madoa meusi yenye ukingo wa njano. Chuoni tulilisoma doa jeusi kwa picha. Linaishi kwenye jani, linakula jani, linapanda tone la mvua na kuhamia jani la jirani. Mti unaougua hauwezi kujitengenezea sukari, kwa hiyo unaomba, na Utando kwa moyo wake mwema unachukua kwa wazima na kuupa. Wazima wanadhoofika. Na doa jeusi hakuna linachokipenda kama mti dhaifu. Ndivyo kijiji kinavyoweza kuisha kwa ukarimu.

"Ulidhani utalificha?" nikamuuliza.

"Nilidhani litapona." Sauti yake ilishuka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Yudithi, bustani hii nimeilea tangu mume wangu yuko hai. Samadi siisogezi kwenye shina. Matawi ya katikati nayapogolea ili jua liingie. Matunda yakisongamana nayapunguza, tufaha bovu likianguka naliokota kabla mbuzi hajaliona. Bustani yangu haiumwi!"

Na ni kweli haikuwahi kuumwa. Ilikuwa bustani safi kuliko zote Lyandala, hata yangu mimi mwenye cheti, na nilikuwa namwonea wivu.

Nilizunguka mti baada ya mti kutafuta ugonjwa ulikoanzia. Nikaupata kwenye mtufaha wa mlangoni. Usawa wa kifua palikuwa na tawi lililobebeshwa, tawi la mti mwingine lililopandikizwa pale, bado limefungwa uzi mwekundu pale lilipoungana na shina, na majani yake yalikuwa na madoa mengi kuliko majani ya mti mwingine wowote. Niliponyoosha mkono, Mama Obadia aliupiga kofi.

"Hilo huligusi!"

"Naangalia tu."

"Angalia kwa macho."

Kituo kinakataza tawi la nje kuingizwa kwenye Utando. Mila ya kwetu inasema bibi harusi haji mikono mitupu: anakuja na kikonyo, kijitawi cha kubebesha, kutoka bustani ya baba yake, na siku ya tatu ya ndoa anakibebesha mwenyewe kwenye mti wa wakwe. Tawi likishika, naye ameshika. Mkono wa mwingine hauligusi, si wa mume, si wa mama mkwe. Siku ukiona mtu mwingine analivua majani tawi la mke, ujue kijiji kimetangaziwa kwamba mke huyo kaachwa. Basi Kituo kina sheria yake, nasi tuna yetu, na kwa miaka mingi mimi mlinzi nimepita kwenye nyuzi nyekundu nikitazama mawingu.

Mlango wa jiko ulifunguka. Tusekile, mke wa Obadia, mgeni wetu kutoka Tukuyu, alisimama pale na unga mikononi. Alikuwa hajamaliza hata mwaka kwetu.

"Ni tawi langu, dada?"

Ningeweza kudanganya. Lakini yule binti alikuwa ananitazama machoni.

"Ndilo, mdogo wangu."

*

Habari mbaya Lyandala haihitaji simu. Kabla jua halijasimama utosini, mwenyekiti wa ushirika, Yeriko Sanga, alikuwa kwenye ua wangu na mfuko wa kizuizi begani.

Kizuizi ni unga wa buluu. Unachimba mtaro kuzunguka bustani, unaumwaga, unamwagia maji, na Utando unakatika kama uzi juu ya mshumaa. Bustani inabaki peke yake. Tatizo ni kwamba miti yetu imelelewa na Utando tangu miche, mizizi yake yenyewe ni mifupi na mivivu. Ni mtoto aliyebebwa mgongoni mpaka akasahau kutembea. Bustani ikikatwa inakufa, na udongo wenye kizuizi hauoteshi mtufaha mpaka wajukuu wazeeke.

"Sheria inakupa wewe peke yako mamlaka haya," alisema Yeriko. "Haina haja ya mkutano. Kata leo, kesho tunalala."

"Na Mama Obadia?"

"Chakula tutamchangia. Kuni tutamchangia. Mimi mwenyewe nitampa mahindi."

"Miti je?"

Aliuweka mfuko chini, akaufuta uso kwa kofia. Sitamsingizia: Yeriko si mtu mbaya. Bustani yake iko chini ya ile ya Mama Obadia, mvua ikinyesha maji yanatoka kwake kwenda kwa Yeriko, na watoto wake wawili wanasomeshwa na matufaha. "Yudithi, samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Hawa si samaki."

"Basi niambie wewe ni nini, maana wewe ndiye uliyesoma."

Nilikuwa nimeapa, mkono juu ya udongo, kulinda Utando wote. Kiapo hakikusema nitafanya nini siku kulinda wote kutakapomaanisha kumuua mmoja. Bustani moja kwa bustani za kijiji kizima: hata mtoto wa chekechea angepiga hesabu hiyo. Lakini mtoto wa chekechea asingelazimika kumwaga unga wa buluu mbele ya mwanamke aliyenifundisha kupogolea nilipohamia pale, na kisha kuishi naye wigo mmoja mpaka nife.

"Niachie siku chache," nikasema.

"Mvua haitakuachia."

Jioni hiyo Tusekile aliondoka. Hakufukuzwa. Alifunga nguo zake kwenye khanga, akampigia mama mkwe wake magoti, akasema, "Mama, ni mimi niliyekuletea. Nikikaa, kila jani litakaloanguka watu watanitazama mimi." Obadia alikuwa safarini Mbeya kupeleka mzigo. Binti alipita mbele ya mtufaha wa mlangoni bila kulitazama tawi lake, akashika njia ya Kitulo kwenda kwao.

Nililia, nasema wazi. Nililia kwa hasira.

*

Hasira ndiyo iliyonifanya nifikiri. Nilirudi kwenye jambo moja lililokuwa linanikwaruza tangu asubuhi: ule mti uliovuliwa majani na Mama Obadia kwa aibu yake. Kwa nini ulikuwa unagonga kwa nguvu kuliko yenye madoa? Kwa sababu Utando uliuona ndio maskini kuliko wote. Wenzake wote walikuwa na majani, na wenye majani wana sukari.

Sasa je, kama hakuna mwenye majani?

Wazee waliopanda mitufaha ya kwanza kwenye nchi za joto, kabla Utando haujawazwa, walikuwa na ufundi wao. Chuoni tuliusoma kwa dakika chache tukicheka. Mti usiopata baridi haujui kama ni wakati wa kulala, walisema, basi uvue nguo. Walikuwa wanayachuma majani yote kwa mkono, mti unashtuka, unadhani baridi imefika, unalala. Ukiamka unatoa maua. Tuliucheka ufundi ule kwa sababu Utando ulitufanyia kazi hiyo bure.

Doa jeusi linaishi kwenye jani. Pasipo jani hata moja kijiji kizima, litakula nini?

Nyuma ya nyumba nina sanduku la miche sita yenye Utando wake mdogo, usioungana na wa kijiji. Nilivua mche mmoja. Ukaanza kugonga, na mitano iliyobaki ikaanza kuvuma na kutoa. Nikavua wa pili, wa tatu. Kelele zikaongezeka mpaka nikatoa kidude sikioni. Ulipobaki mmoja wenye majani, mingine yote mitano iliuvamia. Kufikia mchana majani yake yalikuwa yameinama kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Nikauvua na huo.

Kimya.

Nilidhani nimeiua. Nikakwaruza gome la mche wa kwanza kwa ukucha, na chini yake palikuwa na kijani kibichi. Nikakwaruza wa pili, kijani. Yote sita. Mkono mtupu haulambwi: miche ilipoona hakuna wa kuombwa, iliacha kuomba, ikajikunja na kile kidogo ilichoweka ndani ya mti wake, ikalala.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kwamba kumuua Mama Obadia kunahitaji mikono yangu tu. Kumwokoa kunahitaji mikono ya kila nyumba Lyandala, bila kukosa hata moja, na miti yao wakati huo ilikuwa na matufaha mabichi ya ukubwa wa limau.

*

Tulikutana kwenye ghala la ushirika. Niliwaeleza yote bila kuyapaka asali. Niliwaambia tunda la msimu huu litakwenda na majani. Niliwaambia nimejaribu kwenye sanduku tu, na kijiji si sanduku. Niliwaambia nikikosea, tutakuwa tumeua bustani zote kuokoa moja.

"Kwa hiyo," alisema mwanaume mmoja wa nyuma, "tule hasara wote kwa ajili ya kitawi cha Mnyakyusa?"

Watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Wengine wakaguna kukubali. Mama Obadia alikuwa amekaa kwenye kreti karibu na mlango, khanga imefunika kichwa. Nilimwona akijiandaa kuinuka, na nilijua angesema nini. Angesema, ikateni.

Hakuwahi. Aneth, mke wa Yeriko, alisimama kabla yake. Aneth ni mpole kiasi kwamba watu husahau yupo.

"Mimi ni Mbena wa Wanging'ombe," alisema. "Tawi langu liko kwenye mti wa mwenyekiti, upande wa dirisha. Nilikuja nalo kwenye kapu la vifaranga ili mlinzi wa wakati ule asilione. Lingeweza kuwa lina doa. Halikuwa nalo kwa bahati, si kwa akili yangu." Akamgeukia mumewe. "Baba Furaha, ungemwaga unga ule kwenye bustani yetu?"

Yeriko akainamia viatu vyake.

"Nauliza nipate kujua."

Mwanamke mwingine akasimama. "Langu lilitoka Ilembula." Mwingine: "Langu Uwemba, tena tunda lake tamu kuliko yenu yote." Wakaanza kusimama mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kila mmoja akitaja mahali, mpaka ghala likawa kama stesheni ya mabasi na waliokaa wakawa wanaume peke yao. Bibi mmoja mwenye fimbo alisimama mwisho, akasema lake lilitoka kwa Tweve hapo ng'ambo ya mto, na mumewe alimlipia faini Kituoni kubwa kuliko mahari.

Hapo kicheko kilikuwa cha kweli.

Yeriko Sanga alivua kofia. Alimtazama mkewe kwa muda, na sidhani kama alikuwa anafikiria matufaha. "Yudithi," akasema, "tunaanza saa ngapi?"

*

Tulianza alfajiri. Nimewahi kuona harusi kubwa na misiba mikubwa, lakini sijawahi kuona Lyandala ikifanya jambo moja kwa pamoja namna ile. Waliopanda juu ya ngazi walichuma, waliobaki chini walitandika maturubai ili jani lisiguse udongo. Hakuna kupurura tawi kwa ngumi, nilipita nikipiga kelele, shika jani moja moja kwenye kikonyo chake, livute kurudi nyuma, usiumize chipukizi! Kila mwanamke alilivua tawi lake mwenyewe. Wale wazee sana walibebwa kwenye viti. Majani yalikwenda kwenye shimo la chokaa bondeni yakachomwa, na moshi wake ulinuka siki na tufaha bichi.

Alasiri kijiji kilikuwa kimebaki mifupa. Niliposimama mlimani nikatazama vilima vyote vya kijivu, nilishikwa na hofu ya kweli. Nilichomeka fimbo ardhini, nikasikiliza kimya nilichokiahidi.

Hakikuwepo. Utando ulikuwa unapiga kelele. Kila mti Lyandala ulikuwa unagonga, na yote ilikuwa inagonga mlango mmoja.

Niliifuata sauti kwa kukimbia, fimbo hapa, fimbo pale, na watu nyuma yangu. Nilijua tunakokwenda kabla hatujafika. Mtufaha wa mlangoni kwa Mama Obadia ulikuwa umevuliwa vizuri, jani moja moja, isipokuwa tawi moja lenye uzi mwekundu. Lilikuwa bado limevaa majani yake yenye madoa.

"Mwenye nalo hayupo," alisema Mama Obadia.

"Mama Obadia, kijiji kizima kinanyonya tawi hili!"

"Nasikia."

"Miti haitalala. Inamaliza akiba yake kwa kuomba."

"Nasikia, Yudithi. Sina uziwi." Alisimama mbele ya mti. Safari hii hakutanua khanga. "Ukiligusa umemwacha. Mbele ya wote hawa. Yeye hakuachwa. Obadia nimempigia simu jana, amepitia kwao Tukuyu, wako njiani."

"Njia ya Kitulo na mvua hizi?" alisema Yeriko. "Watafika lini? Mama, ni vijani tu."

Watu walinigeukia. Mlinzi ndiye mwenye mamlaka. Tawi lilikuwa usawa wa kifua changu. Kulivua ni kazi ya kupepesa jicho. Na nikaona ni swali lile lile, nimelizunguka kijiji kizima na limenirudia likiwa dogo zaidi: mmoja, kwa ajili ya wote. Safari hii si bustani, ni jina la binti mmoja. Dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulifanya na kusahau. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilikwaruza gome la mti jirani. Kijani bado, ila kimepauka.

"Tunasubiri," nikasema.

"Yudithi!"

"Tumewaambia watu wavue miti yao ili asitolewe mtu. Sasa tumtoe kwa kuwa amechelewa? Mwenyekiti, kaa chini. Kama miti ikifa, kaburi langu mnalijua, ni pale penye wigo."

Yeriko hakukaa, lakini hakulisogelea tawi. Aneth alikwenda akasimama kando ya Mama Obadia, kisha yule bibi wa fimbo, kisha wengine. Tuliketi tukasubiri, nami kidude kikiwa sikioni, nikisikia kijiji changu kikiomba. Mara mbili nilisimama. Mara mbili niliketi.

Jua lilikuwa limeegemea kilima tuliposikia pikipiki. Ilikuja imejaa tope mpaka kwenye taa, Obadia mbele, Tusekile nyuma ameng'ang'ania. Alishuka, akaona vilima vitupu, akaona umati, akarudi nyuma hatua moja. Alidhani amekuja kuhukumiwa.

"Mwanangu," alisema Mama Obadia, "kila mwanamke hapa amevua lake. Limebaki lako."

Tusekile alitutazama. Alimtazama Aneth, na viganja vya Aneth vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Akatazama mikono ya wengine, yote ilikuwa vile vile. Akalia na kucheka kwa wakati mmoja, akatushukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo," kisha akalisogelea tawi, akashika jani la kwanza kwenye kikonyo, akalivuta kurudi nyuma kama mtu aliyefundishwa na baba anayejua miti.

Jani la mwisho lilipotoka, kugonga kulipungua. Kukawa kama mvua inayoondoka juu ya bati, tone hapa, tone pale. Kisha hakuna kitu. Nilikitoa kidude sikioni, nikakipuliza nikidhani kimeharibika, nikakirudisha. Kilikuwa kizima. Lyandala ilikuwa imelala.

*

Majuma yaliyofuata yalinizeesha. Watu walinisalimia kwa upole uliozidi, kama wanavyomsalimia mtu mwenye mgonjwa ndani. Kila asubuhi nilikwaruza magome, kila asubuhi nilikuta kijani.

Chipukizi za kwanza zilivimba mvua ilipopumzika. Hazikutokea kwangu wala kwa mwenyekiti. Mama Obadia aliniita kwa kunirushia jiwe juu ya wigo, ndivyo anavyoita, na nilipofika alikuwa amesimama kwenye mti wa karibu na jiko, ule aliouvua peke yake kwa kuuficha. Ulikuwa umevuliwa kabla ya wenzake, basi ulikuwa umetangulia kuamka.

"Eti upepo," nikamwambia.

"Niliwaonyesha njia," alisema bila haya. "Nyie mkachelewa kuelewa."

Wiki ya Noeli vilima vyote vilifunguka siku moja. Kwa kawaida Utando huamsha bustani kwa zamu, leo hapa, kesho kule. Lakini miti iliyolala pamoja iliamka pamoja, na Lyandala ikawa nyeupe yenye wekundu kidogo kwa ndani, kutoka mtoni mpaka kileleni. Nyuki walikuja wengi mpaka ibada ya Noeli mchungaji alihubiri akishindana nao. Yeriko alipita kila bustani akihesabu majani mapya, na hakuna jani hata moja lenye doa alilonionyesha, ingawa alilitafuta kwa bidii zote. Nilichomeka fimbo mlimani nikasikia kitu ambacho hakikuwa kwenye vitabu vyetu: kila mti unavuma, na hakuna mti unaogonga. Miti ilikuwa imeamka na mizizi yake yenyewe, mirefu, mipya. Wakati wa njaa ile ilikuwa imelazimika kujitafutia, na sasa ilikuwa na cha kutoa na haikuwa na wa kumpa.

Mchana wake Mama Obadia alitoka jikoni na kisu kikali na uzi mwekundu mpya. Nilimwona kutoka kwangu. Alikwenda mpaka mtufaha wa mlangoni, kwenye tawi la Tusekile lililochanua kuliko mti wenyewe, akampa mkwewe kile kisu kwa mikono miwili.

"Nikatie kikonyo kimoja," alisema.

"Cha kupeleka wapi, mama?"

"Tazama. Hii miti sita mingine haina tawi lako. Utaishi kwenye mti mmoja tu kana kwamba umekuja kutembea?"

Tusekile alikipokea kisu. Aliinama akakata, taratibu, kwa mshazari, na Mama Obadia akapiga kigelegele kilichonifanya nimwage chai. Aneth alikisikia kule chini akakijibu. Yule bibi wa ng'ambo ya mto akakijibu. Kikapanda kilima, kikashuka upande wa pili, nyumba kwa nyumba, wanawake wengine wakiwa hawajui hata ni cha nini, wanapiga tu kwa kuwa jirani amepiga. Nami niliweka kikombe chini, nikapiga changu.